Mkataba wa hali bora gazetini: nani anaupitisha, na wewe unayelipwa kwa stori unaingia wapi?

Dada yangu, salaam. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, ngoja nilieleze kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Wewe ni mwandishi wa gazeti la kila siku, uko Tanga mjini, unaripoti mpaka Pangani na Muheza. Chama cha wafanyakazi kimemaliza kujadiliana na menejimenti, rasimu ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, imerushwa kwenye grupu la wasapu, na Jumamosi kuna kikao cha kupiga kura. Wenzako wengine wanasema kura ni kupoteza muda tu maana mkataba hauna nguvu mpaka Kamishna wa Kazi, yule afisa wa serikali anayesimamia mambo ya kazi, aupitishe. Wewe unalipwa kwa stori, barua ya ajira huna, chamani hujajiunga. Sasa unauliza huo mkataba utakuhusu au haukuhusu, na hiyo Jumamosi ujisumbue au ukae zako.

Jisumbue. Tena jisumbue kuanzia leo, usingoje Jumamosi, kwa sababu wenzako wanaosema Kamishna ndo anapitisha wameligeuza jambo zima kichwa chini miguu juu.

Sheria inayotawala haya mambo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Natumia namba za vifungu kama zilivyopitishwa mwaka huo, ukishika toleo lililofanyiwa marekebisho namba zinaweza kusogea, kwa hiyo angalia kichwa cha kifungu. Kifungu cha 71 kinasema mkataba wa pamoja, ndo huohuo tunaouita wa hali bora, uwe wa maandishi na usainiwe na pande zote, na unaanza kufunga pale saini ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe mmeandika tarehe nyingine ndani yake. Basi. Hakuna mhuri wa Kamishna unaosubiriwa hapo. Kamishna anaingia baadaye, kifungu hichohicho kinataka kopi ipelekwe kwake iwekwe kwenye kumbukumbu. Hapewi kazi ya kukubali wala kukataa, hapimi kama nyongeza ya mshahara inatosha, hasemi hiki kizuri hiki kibaya. Anapokea.

Naelewa kabisa imani hiyo ilikotoka, wala si ujinga. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, reli na bandari hapa Tanga walikulia kwenye utaratibu mwingine. Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya baraza la kudumu la kazi, ambalo baadaye likaja kuitwa Mahakama ya Viwanda, na chini ya utaratibu ule makubaliano ya hiari kati ya chama na mwajiri yalipitia kwa Kamishna wa Kazi kwenda kusajiliwa kule, na bila kusajiliwa hayakuwa na nguvu. Kipindi hicho chama chenyewe kilikuwa kimoja nchi nzima, NUTA tangu 1964, kikaja JUWATA 1978, mpaka miaka ya 90 ndo mambo yakaanza kufunguka. Kwa hiyo mzee anapokwambia "mpaka serikali ipitishe" anakwambia ukweli wa zamani yake. Sheria ya 2004 ikaja ikaubadilisha, lakini maneno ya mtaani hayakubadilika, na waajiri wengine wanajua hivyo na wanayatumia.

Wanayatumia vipi? Kuna sehemu moja ya kazi hapahapa mjini, siitaji, walisaini mkataba vizuri kabisa, picha zikapigwa, halafu mwisho wa mwezi nyongeza haikuonekana. Watu wakiuliza wanaambiwa tunasubiri Kamishna aturudishie. Mwezi wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Viongozi wa tawi nao wakawa wanasubiri, maana na wao waliamini. Hakuna kitu kilikuwa kinarudi, mkataba ulikuwa unafunga tangu siku ya saini, na kila mwezi uliopita ni deni. Ndo maana hili swali lako limenigusa, kwa sababu hii hadithi ya Kamishna inamfundisha mfanyakazi kukaa kimya mara mbili, kwanza wakati wa kura anasema ataangalia mkubwa, halafu baada ya saini anasema mkubwa bado hajaangalia.

Najua pia kuna mmoja kwenye grupu lenu ametoa mfano wa Australia. Amesema kweli, ila ni ya Australia. Kule chini ya sheria yao ya mwaka 2009 kuna chombo kinaitwa Fair Work Commission, na mkataba wa kampuni, hata wa waandishi wa magazeti, haufanyi kazi mpaka chombo hicho kiupitishe. Wafanyakazi wote watakaofunikwa na mkataba wanapiga kura, wawe wanachama wasiwe wanachama, wengi wakikubali maombi yanapelekwa, na tume inaangalia mambo kadhaa, kubwa likiwa je wafanyakazi walikubali kweli kwa hiari yao na wakielewa, na je kwa ujumla wake mkataba unawaacha pazuri zaidi kuliko viwango vya sekta yao. Ikiridhika inaupitisha, na kwa kawaida unaanza siku 7 baadaye. Yaani kule kuna jicho la tatu linakagua kabla. Sisi hatuna hilo jicho. Kwetu ukaguzi ni nyinyi wenyewe, watu wa deski, wapigapicha, waandishi wa mikoani, mmekaa na rasimu mkononi kabla kalamu haijagusa karatasi. Mkipitisha kitu kibovu hakuna mtu wa juu atakirudisha.

Sasa hiyo kura yenyewe. Hapa lazima niwe mkweli, sheria yetu haijaweka kura ya kupitisha mkataba wa hali bora kama ilivyoweka kura ya kugoma. Kura ya Jumamosi inatoka kwenye katiba ya chama chenu, na ndo maana cha kwanza nakuomba utafute ni hiyo katiba. Muulize katibu wa tawi akuonyeshe kipengele kinachosema nani anaidhinisha mkataba: mkutano wa wanachama wa tawi, kamati ya majadiliano, au ngazi ya taifa. Vyama havifanani. Kwingine wanachama wanapiga kura na matokeo yanawafunga viongozi, kwingine wanachama wanatoa maoni tu halafu kamati inaamua. Usiingie ukumbini hujui unapiga kura ya aina gani.

Na kwa kuwa ni katiba ya chama, kwa kawaida anayepiga ni mwanachama. Wewe siyo. Kwa hiyo jibu fupi la "nipige kura au niache" ni kwamba bila kujiunga unaweza usiruhusiwe hata kunyoosha mkono, na hilo nalo liulize mapema, wengine wanakubali fomu hata asubuhi ya kikao na wengine wanataka uwe umelipa ada angalau mwezi mmoja. Kujiunga ni haki yako kisheria, mwajiri haruhusiwi kukubagua kwa sababu hiyo. Wanaozuiliwa ni menejimenti ya juu, wale wanaotunga sera kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kumsainia mikataba ya namna hii, hao hawaruhusiwi kuwa kwenye chama kimoja na wafanyakazi wa chini yao. Mhariri wa kawaida wa deski hayumo kwenye katazo hilo kwa sababu tu anaitwa mhariri, angalieni kazi yake siyo cheo chake. Nalisema kwa sababu kila gazeti kuna ugomvi huu, wahariri wanafukuzwa kwenye kikao kumbe ni wafanyakazi kama nyinyi.

Halafu usichanganye chama na klabu. Klabu ya waandishi wa habari ya mkoa ni kitu kizuri, inawakutanisha, inatafuta mafunzo, mwandishi akipata misukosuko inapaza sauti, lakini haijasajiliwa kama chama cha wafanyakazi na haiwezi kusaini mkataba wa hali bora. Baraza la Habari nalo kazi yake ni maadili na uhuru wa habari. Anayesaini ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, kama hicho JOWUTA kinachobeba wafanyakazi wa vyombo vya habari au kingine ambacho watu wa kampuni yenu wameamua kujiunga nacho.

Je mkataba utakuhusu? Hapa ndo kwenye nyama, tulia nikueleze taratibu.

Mkataba unafunga pande zilizosaini na wanachama wao. Kwa asiye mwanachama unamfunga kama chama hicho kimetambuliwa kuwa ndicho pekee kinachojadiliana kwa niaba ya wafanyakazi wa kundi hilo, na ili kitambuliwe hivyo lazima kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya kundi. Hiyo ni kifungu cha 67. Kwa hiyo swali la kwanza: chama chenu kina mkataba wa kutambuliwa? Kama kinao, mfanyakazi aliyemo kwenye kundi anafunikwa hata kama hajawahi kuchangia shilingi. Kama hakina, kinafunika wanachama wake tu.

Swali la pili ndo gumu zaidi na ndo lako: kundi lenyewe limeandikwaje? Fungua ukurasa wa kwanza au wa pili wa rasimu, kuna kipengele kinasema mkataba huu utawahusu nani. Nimeshaona rasimu nyingi na hapo ndo watu wa mikoani wanapopotelea. Utakuta "wafanyakazi wote wenye mikataba ya kudumu na ya muda maalumu". Limesomeka vizuri sana, hakuna aliyetukanwa, lakini wewe unayelipwa kwa stori umeshatolewa nje. Na kwenye magazeti yetu mengi, mkoani, watu wa namna yako ndo wanaobeba kurasa. Bomba la mafuta Chongoleani, bandari, mafuriko Korogwe, bei ya mkonge, nani anaandika? Unaandika wewe, kwa nauli yako, kwa bando lako, stori ikitoka unalipwa, isipotoka hasara ni yako. Halafu mwisho wa siku unaambiwa wewe siyo mfanyakazi ni mshirika. Hili linaniuma, nasema wazi, kwa sababu mtu wa hivyo ndo anaishia kuishi kwa bahasha za semina, halafu haohao wanamsema hana maadili.

Lakini kuitwa "korespondenti" au "mwakilishi" kwenye karatasi hakumalizi kesi. Iko sheria pacha, ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo kama moja tu kati ya mambo kadhaa lipo. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na huyo mtu. Au saa zako za kazi anazipanga yeye. Au umekuwa sehemu ya taasisi yake. Au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi kwa miezi mitatu iliyopita. Au unamtegemea kiuchumi. Au anakupa vitendea kazi. Au humfanyii mtu mwingine. Rudia kusoma: moja tu inatosha, na kuanzia hapo ni yeye athibitishe kwamba siyo. Sasa jiulize mwenyewe, mhariri wa mikoa akikupigia saa 12 asubuhi kwamba nenda Pangani kuna jahazi limezama unaweza kusema leo sitaki? Unaruhusiwa kupeleka stori hiyohiyo gazeti lingine? Kitambulisho unachovaa kina jina la nani? Nadhani majibu unayo.

Kwa hiyo kuna njia mbili na usiziache zote. Moja ni kuhakikisha kipengele cha wahusika kinataja waandishi wanaolipwa kwa habari waziwazi, hata kama masharti yao yatakuwa kwenye kiambatisho chao peke yao, kima cha chini kwa stori, nauli, bando, malipo ya stori iliyoagizwa ikakaa bila kutumika. Ya pili ni kuanza kuweka ushahidi wako sasahivi. Meseji za kupangiwa kazi, miamala ya malipo, kurasa zenye jina lako, tarehe. Kama siku moja wakibisha kwamba wewe siyo mfanyakazi, hivyo vitu ndo vitakavyosema.

Ila angalia jambo moja. Nimekwambia chama lazima kiwe na zaidi ya nusu ya kundi. Mkiingiza watu wa kulipwa kwa stori kwenye kundi idadi ya kundi inapanda, na kama wengi wao siyo wanachama chama kinaweza kujikuta hakina tena wingi, na chama kikipoteza wingi utambuzi nao unaweza kuondolewa. Viongozi wengine wanawaacha nje kwa hofu hiyohiyo, siyo kwa roho mbaya. Dawa yake ni nyinyi kujiunga kwa pamoja. Ukienda peke yako Jumamosi ukalalamika utasikilizwa kwa huruma, mkienda na fomu zenu zimejazwa, watu wa Tanga, Lushoto, Handeni, Korogwe, hapo mtaongea.

Na ada? Ukijaza fomu ya kuruhusu makato mwajiri anakata na anatakiwa apeleke chamani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ukiamua kutoka unaandika notisi ya mwezi mmoja. Usishangae pia kukuta kwenye rasimu kipengele cha ada ya uwakala, hiyo inakatwa kwa wasio wanachama kwa sababu na wao wanafaidi mkataba. Ni halali kama chama kina wingi, lakini haiwezi kuzidi ada ya mwanachama, hela yake inakaa kwenye akaunti yake peke yake, na hairuhusiwi kutumika kwa kitu kingine zaidi ya kutetea maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini. Na haikulazimishi kujiunga.

Sasa tuseme umeshaingia, rasimu unayo. Usome nini? Watu wengi wanaruka mpaka kwenye asilimia ya nyongeza wanaishia hapo. Nyongeza isome, sawa, lakini gazetini hela nyingi inapotelea kwenye saa. Sheria inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, ya ziada haizidi saa 50 kwa kila wiki nne na inalipwa mara moja na nusu, na kila saa ya usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ina nyongeza ya 5%. Chukua mtu wa deski mwenye mshahara wa msingi wa 585,000. Kwa kanuni ya sheria unagawa kwa 4.333 upate wiki, ukagawa kwa 45, inakuja kama 3,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 4,500. Hiyo saa ya ziada ikiwa ya usiku, 5% inahesabiwa juu ya 4,500, inakuwa 4,725. Mtu anayefunga kurasa mpaka saa 5 usiku siku tano kwa wiki, akiwa hajalipwa hizo saa, mwaka mzima amepoteza hela ambayo hakuna nyongeza ya 6% itakayoifidia. Na ona hiyo 5% ilivyo ndogo, kwenye saa ya kawaida ni shilingi 150. Hicho ni kiwango cha chini tu, mkataba unaruhusiwa kupanda juu, sijui kwa nini vyama vingi vinaandika tu "kwa mujibu wa sheria" wakati hapo ndo pa kuombea 10 au 15. Kushuka chini ya sheria ndo hamruhusiwi.

Kuwe na macho pia kwenye kipengele cha wastani wa saa. Sheria inaruhusu mkataba wa pamoja kusema saa zitahesabiwa kwa wastani wa kipindi, hata mpaka mwaka. Kwa gazeti inaweza kuwa na maana, kipindi cha uchaguzi mnakesha halafu mwezi mwingine mnapumzika. Lakini kama haijasemwa mapumziko hayo yatatolewa lini na nani ataweka hesabu, mtakesha uchaguzi na mapumziko hamtayaona. Mwambie katibu asome kipengele hicho kwa sauti ukumbini.

Vingine vya kwenu waandishi hasa: bima. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwajiri wa chombo cha habari awawekee wafanyakazi wake bima na hifadhi ya jamii, kwa hiyo mkataba usitaje bima kama zawadi, utaje kiwango, nani kwenye familia anaingia, na kuanzia lini. Mtu akianguka na bodaboda kati ya Muheza na Amani akifuata stori, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu kama anahesabika mfanyakazi, unaona tena kwa nini kipengele cha wahusika ndo mama wa vyote. Halafu gharama za kesi: mwandishi akishtakiwa kwa stori ambayo mhariri aliipitisha, wakili analipwa na nani? Andikeni. Na picha na stori zenu zikitumika tena mtandaoni au kuuzwa kwa chombo kingine, mnapata nini? Na kamera na simu yako mwenyewe unayotumia kazini ikiibiwa? Haya hayapo kwenye sheria yoyote ya kazi, msipoyaandika hayapo kabisa.

Menejimenti wakisema hela hakuna, sikatai, magazeti yamepata tabu kweli, wasomaji wamehamia simu na matangazo yamepungua. Ila kusema siyo kuonyesha. Kifungu cha 70 kinakipa chama kilichotambuliwa haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, na kifungu cha 68 kinataka pande zote zijadiliane kwa nia njema. Kuna taarifa mwajiri anaruhusiwa kuzizuia, za siri zinazoweza kumletea madhara makubwa, au za mtu binafsi bila ruhusa yake, lakini hesabu za jumla za mishahara huwezi kuambiwa ni siri kirahisi hivyo. Muulizeni mjumbe wa kamati: mlionyeshwa hesabu au mliambiwa tu?

Angalia muda pia. Mkataba unaanza lini, unaisha lini, na mshahara utajadiliwa tena baada ya muda gani. Usipoandikwa utaratibu wa kuuvunja, upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya muda unaofaa, sasa "unaofaa" ni siku ngapi mtakuja kubishania mahakamani. Na mjue kwamba kitu kilichoshaingia kwenye mkataba hamwezi kukigomea wakati mkataba unaendelea, sheria inakataza mgomo juu ya jambo ambalo mkataba umeshalitawala. Mkikubali nyongeza kiduchu kwa miaka mitatu ndo mmekubali kwa miaka mitatu.

Na mkipiga kura ya hapana? Hakuna kinachoanguka. Kamati inarudi mezani na vipengele mlivyovikataa, kwa hiyo msikatae kwa makelele, andikeni kwenye muhtasari mmekataa kipi na mnataka nini. Menejimenti wakigoma kurudi ndo mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgomo uko mbali sana na hapo: usuluhishi kwanza ushindikane, kura ya mgomo ipigwe na wengi waliopiga wakubali, notisi ya saa 48 itolewe. Kwa hiyo ukisikia mtu anatisha kwamba mkikataa Jumamosi basi Jumatatu mnagoma na kufukuzwa, hajui anachosema.

Mkikubali, msiishie kupiga makofi. Ombeni tarehe ya kusaini hapohapo ukumbini, kwa sababu kura yenu haifungi mtu, saini ndo inafunga. Muwe na mtu wa kufuatilia kwamba rasimu iliyosainiwa ni ileile mliyoipigia kura, ukurasa kwa ukurasa, watu waweke saini ndogo kila ukurasa. Chama kipeleke kopi kwa Kamishna na kibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Na kopi moja ije Tanga, isibaki Dar es Salaam kwenye kabati la mtu, maana mwandishi wa mkoani asiyeushika mkataba hawezi kuudai.

Baada ya hapo mwisho wa mwezi ukifika na kilichoandikwa hukioni, anza kwa mwakilishi wenu wa chama kazini, hata mkiwa wanachama wachache, chini ya kumi, sheria inawapa mwakilishi mmoja. Aandike barua, siyo meseji. Mkijibiwa tunasubiri Kamishna, mjibuni kwa barua nyingine mkitaja kifungu cha 71. Wakiendelea, mgogoro wa kutekeleza au kutafsiri mkataba unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wana ofisi hapahapa Tanga, unajaza fomu namba moja ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, usuluhishi ukishindikana unakwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, labda kama mkataba wenu umeweka njia nyingine ya kumaliza migogoro. Hizo siku 60 zihesabu kuanzia mwezi wa kwanza ambao hela haikuja, usizihesabu kuanzia siku uliyochoka kusubiri.